Bunduki Iliyo Ghalani Bado Haijafa

Ahsante, Mwenyekiti. Ndugu zangu, mlionisikia hapa Dar es Salaam siku za nyuma mtanivumilia, maana narudi palepale: bunduki iliyokusanywa ikawekwa ghalani bado haijafa. Imehama nyumba tu. Kufuli hufunguka, na mlinzi wa ghala ana watoto wa kulisha.

Twende kwa jirani zetu Msumbiji. Mkataba wa amani ulitiwa saini Roma, 4 Oktoba 1992. Umoja wa Mataifa ukakusanya silaha kwa maelfu, lakini nyingi hazikuteketezwa, na nyingine zilikuwa zimefukiwa ardhini. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, mbele yao Askofu Dinis Sengulane, likawaambia watu: leteni bunduki, chukueni jembe. Au cherehani, au baiskeli, au mabati. Silaha zikakatwakatwa. Maputo wasanii wakachomelea vipande vikawa viti, ndege, watu. Kiti cha enzi alichokiunda mmoja wao, Kester, mwaka 2001 kiko British Museum, London. Nasema tena: zilikatwa. Kiti kile hakitaua mtu.

Najua kuna anayenung'unika pale nyuma: kwa hiyo mhalifu apewe zawadi? Hapana! Katika mji uliotoka vitani, mwenye bunduki mara nyingi si jambazi. Ni baba aliyeificha uvunguni kwa sababu usiku ukiingia hakuna wa kumwita. Tena hakupewa fedha. Fedha ingemnunulia nyingine kabla ya wiki kwisha. Cherehani inamtaka akae, ashone, amsubiri mteja.

Na bunduki yake iharibiwe mbele ya macho yake. Timbuktu, nchini Mali, 27 Machi 1996, silaha kama 3,000 zilichomwa moto hadharani, watu wamesimama wanaona. Ukimwambia mtu "tumeziharibu" naye hakuona, ya kwake hataitoa.

Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, mashariki mwa Kongo, bunduki na magwanda vilitupwa barabarani. Bunduki iliyotupwa hailali njiani. Kesho tukienda kuwaomba watu wa Goma wazisalimishe, swali lao la kwanza litakuwa: mtaa wetu analinda nani? Tuwe na jibu kabla ya kubisha hodi.

Itifaki ya Nairobi ya 2004, makubaliano ya nchi za ukanda wetu juu ya silaha ndogo, inataka kila bunduki ipigwe alama na iandikwe. Nchi yetu imo. Tuitekeleze, sina la kuongeza. Muda umekwisha. Aniulize anayetaka, ila asianze na habari za ghala.