Jinsi ya kulinganisha spika za bei kali nyumbani bila sikio kukudanganya

Haya wadau, karibuni tena. Leo sebuleni nna jozi mbili, hizi ndogo ni KEF LS50 Meta za Uingereza, na haya maboksi ya mbao hapa chini ni Klipsch Heresy IV za Marekani, Heresy ya kwanza ilitoka 1957. Zote ni za hela ndefu. Nataka nikuonyeshe namna ya kuzishindanisha kwa haki, maana mi nishawahi kutoka dukani na spika iliyonikosha kweli, nimekaa nayo wiki moja tu nyumbani masikio yamechoka, kumbe kule dukani ilikuwa inapiga kwa juu kuliko mwenzake, basi. Iliniuma sana, ile ilikuwa akiba ya muda mrefu.

Anza na chumba. Nyumba zetu nyingi ukuta wa tofali, chini tailizi, piga kofi hivi... umesikia inavyorudi? Mwangwi huo utauchanganya na sauti ya spika, kwa hiyo tandika kapeti mbele ya kochi na vuta mapazia.

Sasa chukua futikamba. Toka spika hii mpaka ile iwe sawa na toka kila spika mpaka unapokaa, mi nimeweka mita 2 na nusu pande zote tatu. KEF ipande kwenye stendi, lile duara la katikati liwe usawa wa sikio, twita (ya sauti nyembamba) imekaa ndani ya wufa (ya sauti nzito) ndo maana unaona duara moja tu. Heresy iache chini, kitako chake kimelala kidogo ili ikuangalie wewe. Na usizibane ukutani, zote zina tundu la besi nyuma, ukizisogeza sana besi inavimba.

Hapa ndo penyewe, naomba tuende taratibu. KEF imepimwa desibeli 85, Klipsch 99, kwa volti 2.83 ukiwa mita 1, desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti. Tofauti ni 14, na kila ukitaka desibeli 3 zaidi ampu, yaani ile mashine inayozisukuma spika, inabidi itoe wati mara mbili, piga hesabu utakuta KEF inataka wati kama mara 25 ili imfikie mwenzake. Ukiziacha kwenye volyumu ileile Klipsch imeshinda kabla hujakaa, kwa sababu sikio likisikia kilicho juu kidogo linakipenda, na wala hutajua kwamba ni volyumu, utasema hii iko klia zaidi, hii ina uhai.

Kwa hiyo fanya hivi. Pakua pinki noizi, ile sauti kama mvua juu ya bati, weka simu yenye apu ya kupimia sauti pale kichwa chako kinapokaa, usiisogeze tena. Washa KEF, panda mpaka isome desibeli 75, andika namba ya volyumu. Shusha kabisa, hamia Klipsch, panda mpaka 75, andika. Simu inaweza isiwe sahihi sana ila haijalishi, simu ni ileile na sehemu ni ileile, tunachotafuta ni usawa.

Kama ampu yako ina A na B, yaani sehemu mbili za kufungia spika, funga KEF kwenye A na Klipsch kwenye B, ila usiwashe zote mbili kwa pamoja, ukinzani wa KEF, yaani inavyouzuia umeme, unashuka mpaka omu 3.5 na ampu nyingi hazitaipenda hiyo. Na ukitoka KEF kwenda Klipsch shusha volyumu KWANZA, ukisahau sauti itakurukia vibaya. Kama huna A na B, zima ampu kila ukigusa waya.

Sikiliza moja moja, KEF moja na Klipsch moja, sio jozi. Floyd Toole wa Kanada, katafiti spika miaka mingi sana, alikuta watu wanakamata kasoro upesi zaidi spika ikiwa peke yake. Tena zifiche. Mwaka 1994 yeye na mtafiti mwenzake Sean Olive walionyesha watu walewale na spika zilezile, wakiziona wanatoa maksi hizi, zikifichwa maksi zinabadilika. Tumia kitambaa chepesi, pulizia, pumzi ikipita na sauti inapita, halafu mtu mwingine ndo abadilishe.

Cha kusikiliza? Anza na sauti ya mtu unayemjua. Mi nimemrekodi mama anaongea, maana sauti yake naijua kuliko wimbo wowote, spika ikimfanya aongee puani au kifuani nakamata hapohapo. Halafu taarab yenye udi na fidla, halafu ngoma nzito. Sekunde 20 hivi kila moja, badilisha, rudia, sikio linasahau haraka. Andika maksi, kisha zibadilishane nafasi, pima volyumu upya na urudie yote, maana kona nayo inatia besi yake.

Maksi zikishakaa kwenye karatasi, ondoa kitambaa uone ipi ni ipi.