Kitambaa cha Kabatini Hakikungojei

Asanteni kwa kunikaribisha. Kabla sijaanza, naomba kila mmoja aweke magotini kile kitambaa alichokuja nacho. Mliambiwa mje na kimoja, kile mnachokipenda kuliko vyote na ambacho hamjathubutu kukitia mkasi. Naviona. Pamba ya maua, kitani, na pale nyuma mahameli ya kijani ambayo bado imebandikwa karatasi ya dukani. Mama aliyekuja nayo ameishika kama mtoto mchanga.

Waliokwisha kunisikia watanivumilia, kwa sababu nimelisema hili mara nyingi na nitaendelea kulisema: kitambaa kilichofungiwa hakitunzwi. Kinazeeka humohumo.

Nilipohitimu ufundi, mama yangu mkubwa alinipa mita 4 za krepu ya hariri, rangi ya zambarau iliyokolea. Laini, nzito kidogo, ukiiachia mkononi inateremka kama maji. Aliniambia, "Jishonee gauni." Hakusema tunza. Alisema jishonee. Mimi nikaikunja mara nne, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaiweka juu kabisa ya kabati. Nikajiambia kwamba mikono yangu bado haijafikia kitambaa kama kile, ngoja niwe fundi kwanza. Ikapita miaka 17. Kila mwaka niliitoa, nikaipapasa, nikairudisha. Na niliirudisha vipi? Kwa mikunjo ileile, maana ilikuwa imeshajikunja yenyewe.

Siku nilipoamua, niliitandaza mezani karibu na dirisha. Nikaona mistari imepauka, mirefu, imenyooka kama imepigwa rula. Nikadhani ni vumbi. Nikaweka kidole gumba juu ya mstari mmoja, nikavuta kidogo, kama mtu anayejaribu uzi. Kikaachia. Sikusikia hata mlio wa kuchanika. Kiliachia kama karatasi iliyolowa. Nikajaribu mstari wa pili, nao vilevile. Katika mita 4 nilizopewa sikupata sehemu moja ya kutosha mgongo wa gauni. Nilichookoa ni kola mbili na mito miwili midogo. Mama mkubwa alikuwa ameshatutoka, na hakuniona hata siku moja nimevaa zawadi yake.

Kwa nini iliharibika na hakuna aliyeivaa? Uzi uliokunjwa pale pale kwa miaka huvunjika ndani kwa ndani. Mwanga unaopenya kwenye ufa wa mlango hula rangi ya kile kilicho juu ya mkunjo. Plastiki hufungia unyevu. Mbao na makaratasi ya boksi yana asidi inayopita taratibu hadi kwenye kitambaa na kukigeuza njano. Kwa sufu na hariri kuna nondo, na anayekula si yule mnayemwona akiruka, ni kiwavi wake. Hariri nyingine za zamani zilitiwa chumvi za madini kiwandani ili ziwe nzito, na hizo hujikata zenyewe hata mkizitunza kwa adabu zote. Uzi wa cherehani nao huchakaa, lastiki ndiyo kabisa. Leo usiku chukueni uzi mliourithi, vuteni kwa mikono miwili. Ukikatika bila ubishi, msiushonee kitu.

Kama ni lazima kitambaa kikae, kizungushieni kwenye bomba la karatasi mlilolifunika kwa shuka kuukuu ya pamba iliyofuliwa, msikikunje. Na kama hamna nafasi ya bomba, kila baada ya miezi michache kifungueni mkikunje upande mwingine. Lakini hilo ni la mtu aliyekwama. Mimi nataka mkate.

Najua mtakaloniambia, maana naambiwa kila ninapokwenda: "Je, nikikosea?" Utakosea kwenye shuka. Chukua shuka iliyochoka, kata kiwiliwili cha gauni, pigia bandi ndefu, livae, kaa, inama, nyanyua mikono. Pale panapobana chora kwa kalamu. Panapopwaya bana kwa pini. Kisha fumua, na vipande hivyo vya shuka vilivyochorwachorwa ndivyo utakavyovilaza juu ya kitambaa chako cha thamani. Kwangu hatua hii huchukua jioni moja. Miaka 17 ya woga ingetibiwa na jioni moja na shuka.

La pili mtakaloniambia: "Hakitoshi. Nina mita 2 tu, na magauni ya mtindo wa zamani yanameza kitambaa." Hapa ndipo huwa nakosa subira, kwa sababu tunayapenda magauni ya zamani na hatutaki kujua yalitoka wapi. Yale ya miaka ya 1940 mnayoyaona kwenye picha, mabega yamesimama, sketi imeishia chini kidogo ya goti, yalizaliwa na uhaba wa Vita vya Pili vya Dunia. Uingereza ilianza kugawa nguo kwa kuponi tarehe 1 Juni 1941. Mtu mzima alianza na kuponi 66 kwa mwaka mzima. Gauni la sufu lilikula kuponi 11, la pamba au rayoni 7. Hesabuni wenyewe, na humo viatu na soksi havijaingia. Serikali ikaweka hadi idadi ya vifungo, mifuko na marinda. Marekani mwaka 1942 ilitoa amri iliyoitwa L-85, upindo wa sketi usizidi inchi 2. Kabla ya hapo, katika dhiki ya miaka ya 1930, wanawake wa mashamba ya Marekani walishona magauni kwa magunia ya pamba ya unga na chakula cha kuku, hadi wenye viwanda wakaanza kuyachapa maua ili gunia lao lichaguliwe. Magunia matatu hivi, gauni moja.

Kwa hiyo mtu asiniambie mtindo wa zamani unataka jora zima. Sketi pana za kumeza kitambaa zilirudi pale mbunifu wa mavazi Christian Dior alipoonyesha mavazi yake Paris tarehe 12 Februari 1947, na wapo waliozikasirikia hadharani kwa sababu bado walikuwa wanahesabu kuponi.

Mimi huwafundisha wanafunzi wangu hivi: usianze na picha ya gauni ukatafuta kitambaa. Anza na kitambaa, kipime, kisha kiache kikuchagulie muongo wa mtindo. Una kitambaa chenye urefu wa mwili wako mara mbili? Lile gauni lililonyooka la miaka ya 1920, lenye kiuno kilichoshuka nyongani, linakutosha. Una vipande viwili visivyofanana, kila kimoja hakifiki? Hiyo ni miaka ya 1940 yenyewe: kifua na mikono ya kitambaa kimoja, ubavu na sketi ya kingine. Walikuwa wanafufua gauni lililochakaa makwapa kwa kukata la pili, na mpaka leo mkato ule unapendeza. Una hariri laini inayoteremka? Iende miaka ya 1930, mkato wa hanamu aliouendeleza mbunifu wa Kifaransa Madeleine Vionnet, ambapo kitambaa kinalazwa mshazari wa nyuzi kikaufuata mwili bila kubanwa. Ila hanamu inakula zaidi, hapo niwe mkweli.

Sasa hizo mita 2. Naomba mnisaidie kukitandaza hiki mezani. Ni pamba, upana sentimita 115, urefu 200, nimekipima asubuhi. Mwenye kiuno cha sentimita 72 anataka sketi ya kupepea. Akitaka duara zima, kitambaa hiki hakimfai, asijidanganye. Lakini nusu duara? Chukua 72, gawanya kwa 3.14, unapata 23. Huo ndio umbali kutoka pale unaposhikilia futikamba hadi mstari wa kiuno. Ongeza urefu wa sketi, 65 pamoja na upindo, tunafika 88. Naanzia katikati ya ukingo huu uliofumwa usichanike, nashika futikamba hapa kwa kidole, nazungusha chaki. Mmeona? Kutoka ncha hadi ncha ni 176, na kitambaa kina 200. Kwenda juu ni 88 na sentimita moja na nusu ya mshono, na kitambaa kina 115. Sketi nzima imeingia kwa kipande kimoja, mshono mmoja tu nyuma, na zipu ikae humo. Na tazameni kinachobaki upande huu: ukanda wa sentimita 25 na ushei kwa mita 2. Hapo kuna mkanda wa kiuno, mfuko na kola. Kwenye kona za duara kuna vipande vya kutosha kitu kingine nitakachokisema mwishoni nikibakiwa na muda.

Angalizo moja. Sketi hii itundikeni siku nzima kabla ya kupiga upindo. Pale ubavuni, kulia na kushoto, nyuzi zimelala mshazari, zitanyooka kwa uzito wake, na mkiharakisha mtapata sketi inayoning'inia kama ulimi.

Mtu ameuliza kabla hatujaingia humu kuhusu karatasi za mkato za zamani, zile halisi. Zitumieni, ni nzuri, lakini puuzeni namba ya saizi. Kwenye karatasi za Marekani za mwanzoni mwa miaka ya 1950, saizi 14 ilikuwa kifua inchi 32. Kwenye karatasi za leo saizi 14 ni inchi 36. Mwanafunzi wangu alilia kwa sababu "saizi yake" haikupanda mabegani, akadhani tatizo ni mwili wake. Mwili wake haukuwa na tatizo lolote. Someni kipimo cha kifua kilichoandikwa kwenye bahasha, mjipime kwa futikamba, basi. Nyingi za zamani zaidi hazina maandishi, zina matundu tu: tundu kubwa lina maana yake, dogo lina yake, na maelezo yamo kwenye ile karatasi ya ndani. Isomeni kabla ya kukata. Na zipu siku hizo mara nyingi ilikaa ubavuni, kwa hiyo msishangae mkikosa mahali pake mgongoni.

Naona mwenyekiti ananyoosha vidole vitano. Nilitaka kusema habari ya bitana na pedi za mabega, tutaziacha.

Kufua siwezi kuacha. Kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa, kwa namna ileile utakavyolifua gauni baadaye. Pamba nyingi hurudi kwa asilimia 3 hadi 5, nyingine zaidi. Gauni la sentimita 110 likirudi kwa asilimia 5 limepoteza tano na nusu, na hizo ndizo zinazotenganisha goti lililofunikwa na lililo wazi. Mtasema cha kwenu kimekaa miaka 20, kimeshatulia. Kimetulia kikavu. Maji hakijayaona.

Kama hujui kitambaa chako ni cha nini, kata uzi mfupi wa ukingoni, ushike kwa kibanio juu ya beseni la maji, uwashe. Pamba na kitani hunuka karatasi na kuacha majivu laini. Sufu na hariri hunuka nywele. Kikiyeyuka na kuganda kama shanga ngumu, ni poliesta au nailoni.

Na hilo linanipeleka kwenye vitu vya nyumbani, kwa haraka. Zile kona za duara zinatosha vishikio vya vyungu, lakini pamba tupu, ndani na nje, na katikati vipande vya blanketi kuukuu la pamba. Msitie poliesta kwenye kitu kitakachoshika sufuria ya moto, itayeyukia mkononi. Vipande virefu vyembamba viunganisheni viwe mapindo ya mapazia au foronya. Mito ya kiti: kata foronya pungufu ya sentimita 2 kuliko mto wenyewe, mto utajaa hadi kwenye pembe. Nyuma msihangaike na zipu, pitisheni vipande viwili vipandane sentimita 10. Kile kilichopaukia mikunjo kama krepu yangu, kata kati ya mikunjo, ukibandike kwenye pamba nyembamba kwanza ndipo ukishone.

Muda umekwisha, sawa. Maswali mniulize tukiwa kazini, maana cherehani zile tatu ziko tayari na mikasi imenolewa. Aanze dada wa safu ya pili, mwenye pamba ya maua. Njoo nayo hapa mbele. Mita ngapi? Mbili na nusu, vizuri sana, kiuno nitakupima mwenyewe. Imefuliwa? Haijafuliwa. Haya, beseni liko pale mlangoni, nenda kailoweke. Na wewe mama wa mahameli, wakati tunaisubiri ikauke, hebu leta tuitandaze, kwanza tuitazame kwenye mwanga.