"Daktari Mzima Unaandika Namba?" Haya, Leo Nawajibu

Assalaam aleykum ndugu zangu, hamjambo. Wa Tanga, wa Muheza, wa Pangani, na nyie msio wa kwetu karibuni, waja leo waondoka leo. Niko ndani ya gari nje ya shule ya mwanangu, hapa Leeds, Uingereza, nina kama dakika ishirini hivi kabla hawajatoka. Mkisikia kelele ni lori la taka.

Video hii sikuipanga. Nilitaka niwaonyeshe bei za vyakula pale dukani tunaponunua mihogo na bamia. Lakini tangu niliposema kwenye ile video ya mwezi uliopita kwamba nafanya kazi ya ofisini, kamenti zote zimekuwa wimbo mmoja. "Daktari mzima unaandika namba?" "Serikali imekusomesha, umekimbilia kwa wazungu kukaa kwenye kompyuta." Mwingine, na huyu ni wa Ngamiani kabisa, nyumba yao naijua, kaandika: "Dada umenuna utadhani Coastal imefungwa." Coastal ni timu yetu ya mpira. Hilo la mwisho nakubali, uso wangu ndivyo ulivyo.

Mengine najua jinsi yanavyokwenda. Nikisema nimeridhika, najisifu. Nikisema kugumu, "rudi basi, nani kakushika?" Kwa hiyo haya ninayosema ni ya kwangu mimi Mwanaidi. Usije kesho ukaacha chuo mwaka wa nne ukasema dada wa Leeds kaniambia. Sijakwambia kitu.

Kazi yenyewe ni hivi. Mgonjwa akitoka wodini, faili lake linakuja kwetu. Nalisoma mwanzo hadi mwisho, na kila ugonjwa alioandika daktari naugeuza kuwa msimbo. Malaria ya falsiparamu ni B50. Presha ni I10. Kisukari cha ukubwani ni E11. Mama yangu ni I10 na E11, na naona namba zile kila siku ya Mungu, mafaili kwa mafaili. Kuna msimbo wa mtu aliyeangukiwa na kitu, W20. Siku ya kwanza nilipouona nilicheka peke yangu ofisini, nikawaza minazi ya Sahare. Kitabu cha magonjwa ni ICD-10 cha Shirika la Afya Duniani, na cha upasuaji ni cha hapa hapa, OPCS-4. Humo ndimo zinamotoka takwimu za magonjwa, na humo ndimo hukokotolewa hela za hospitali. Kwa hiyo nikiteleza kidole, kuna mhasibu mahali atanitafuta.

Sasa sikieni kichekesho. Sheria ya kazi yetu, sisi haturuhusiwi kutambua ugonjwa. Naona majibu ya damu, hemoglobini 70, kwetu ingeandikwa 7. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anajua huyu hana damu. Lakini kama daktari hakuandika kwa mkono wake "upungufu wa damu", mimi siugusi ule msimbo. Namwandikia kwa adabu: samahani daktari, kuna utambuzi wowote unaohusiana na majibu haya? Kisha nangoja. Kuna kijana mmoja alinijibu kwa aya tatu, akinieleza hemoglobini ni nini na kazi yake mwilini. Nikamshukuru. Ningemwambia nini?

"Kwa nini hufanyi mitihani ya hapa?" Hilo ndilo swali la pili, na mnaliuliza kama vile mitihani iko pale dirishani, nimekataa tu kunyoosha mkono.

Ili uwe daktari Uingereza, kama ulisoma kwetu, njia ya wengi ni mitihani miwili iitwayo PLAB. Ya kwanza ni maswali 180 kwa saa tatu. Ya pili unaifanyia Manchester, unapita kituo hadi kituo, wagonjwa wenyewe ni waigizaji, na ada yake ni karibu pauni 1,000. Pauni moja ni zaidi ya shilingi 3,000, pigeni wenyewe. Lakini kabla hujafika huko, uthibitishe kwamba unajua Kiingereza. Mtihani wake ni IELTS, wastani 7.5, na hakuna sehemu iliyo chini ya 7.

Mimi nimesomea udaktari kwa Kiingereza miaka mitano. Nimeandika historia za wagonjwa kwa Kiingereza mpaka ndoto zikawa za Kiingereza. Nikakaa kwenye mtihani: kusikiliza 8, kusoma 7.5, kuzungumza 7.5. Kuandika, 6.5. Niliulizwa kama magari yapigwe marufuku katikati ya mji. Mimi mtu wa Tanga, mji wa baiskeli! Nilikuwa na mengi mno ya kusema, pengine ndiyo yaliyoniponza. Nikarudia, 6.5. Mara ya tatu ndiyo nikapata 7.

Mngedhani yameisha. Shahada nayo lazima ithibitishwe, chuo chenyewe kiulizwe, kijibu. Na hapo ndipo ilipozuka herufi moja. Cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Mwanahidi, kwa H. Vyeti vyote vya shule mpaka shahada, Mwanaidi. Aliyeiweka ile H simjui mpaka leo, labda alikuwa na mafua. Nikaanza safari ya viapo. Wakili, muhuri, hati ya kuthibitisha kwamba Mwanahidi na Mwanaidi ni mtu mmoja na wala si mapacha. Mdogo wangu alikwenda kwenye ofisi moja, siitaji, mara tisa. Mara mhusika kaenda kuswali. Mara kaenda msibani. Mara yuko likizo, na funguo za kabati anazo yeye. Mdogo wangu nauli nilimtumia mimi, chakula nilimtumia mimi, na siku ya mwisho akaniambia, dada, ile H si ungeiacha tu? Nilikasirika wiki nzima sikumpigia. Sasa namwelewa.

Matokeo ya IELTS yanaishi miaka miwili. Mpaka H imekwisha, nikiwa nimejifungua na kunyonyesha, matokeo nayo yalishakufa.

Huku nyuma viza zinakula. Sisi tumekuja 2021 kwa kazi ya mume wangu, ambaye si mtu wa afya. Kila ukiongeza viza kuna ada ya matibabu unailipa yote mbele, mbali na ada ya viza yenyewe. Tulipokuja ilikuwa pauni 624 kwa mtu mzima kwa mwaka. Tulipoongeza 2024, wakati ule mtoto tuliyekuja naye ndiye aliyehesabiwa, ilikuwa 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto. Miaka mitatu, wazazi wawili na mtoto mmoja: pauni 8,538. Wadogo zangu mliokuwa mnaniuliza mbona mwaka ule sikutuma hela ya Idi, hela ya Idi ilikuwa humo. Na raha yake ni hii: anayekuja kwa viza ya wafanyakazi wa afya, ada hiyo halipi, yeye na familia yake. Ningekuwa nimekuja mwenyewe kama daktari, ada hiyo tusingeitolea hata senti. Na ili uwe daktari unahitaji hela ya mitihani, ambayo tumeilipia ada.

Halafu kuna hili la "serikali imekusomesha". Nilikopeshwa, ndugu yangu, sikupewa. Walioajiriwa kwetu wanakatwa asilimia 15 ya mshahara. Mimi nalipa kutoka huku kwa kontroo namba, na risiti zote ninazo. Ile asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa juu ya deni iliondolewa 2021, Alhamdulillahi. Deni lenyewe bado lipo na linalipwa na hizi namba mnazozicheka.

Na udaktari sikuuachia kwenye ndege. Hapa nataka mnisikilize. Nilimaliza intanishipu, ule mwaka wa mazoezi hospitalini baada ya chuo, mwisho wa 2017. Ajira za serikali zikitangazwa naomba, jina halitoki. Naomba tena, halitoki. Nikajitolea kwenye zahanati moja, mshahara laki tatu na nusu, unakuja mwezi huu, mwezi ujao hauji. Mnakumbuka mlikuwa mnanikuta wapi? Deep Sea kwenye samaki, alfajiri, nimeshika daftari la mjomba. Changu kilo ngapi, pweza kilo ngapi, nani kachukua kwa deni. Miaka miwili daktari mzima aliandika namba pale ufukweni, mchana kweupe, na hakuna aliyeniuliza. Tena mlikuwa mnaniita "dokta, nipunguzie pweza".

Na wengine mbona hamuwaulizi? Dokta Hussein Mwinyi ni daktari, anaongoza Zanzibar tangu 2020. Hastings Banda alitibu watu hapa hapa Uingereza kabla hajaenda kuwa rais wa Malawi. Agostinho Neto wa Angola, daktari, na mashairi juu. Daktari akiacha sindano kwa ajili ya ikulu mnapiga vigelegele. Akiacha kwa ajili ya kompyuta, mpotevu. Basi nisubirini nigombee.

Sasa... ngoja nipunguze hili feni la gari.

Kuna kitu nakikwepa kila nikisimulia habari hii. IELTS ni kweli, H ni kweli, hela ni kweli, sijaongeza chumvi. Lakini nimekuwa nazipanga mbele kama pazia.

Nilipokuwa intanishipu, zamu ya watoto. Mtoto dozi yake unaipiga kwa uzito, miligramu kwa kilo. Naandika, natia saini, narudi nyumbani, nimekula, nimelala. Moyo unaanza: niliandika 15 au 150? Nageuka upande wa pili. 15 au 150? Naamka, navaa baibui, namwamsha kaka yangu anipakie kwenye baiskeli, saa tano ya usiku, mji mzima umelala. Naingia wodini, nafungua faili. 15. Kila siku ilikuwa 15. Sikuwahi kukosea hata mara moja, na ndiyo maana hakuna aliyeona tatizo. Manesi walisema nina bidii. Mkuu wa wodi alinisifu mbele ya wenzangu, akasema igeni mfano wa huyu. Kaka yangu peke yake ndiye aliyeniambia, njiani, bila kugeuka: wewe kazi hii itakuua.

Kwa hiyo majina ya ajira yalipotoka na langu halimo, watu walikuja kutupa pole nyumbani. Mama analia. Mimi naitikia, ahsanteni, tumepoa, na usiku ule nikalala mpaka asubuhi. Mwaka mzima nilikuwa sijalala vile.

Haya. Nimesema.

Sisemi udaktari hautamaniki. Mwanangu akikohoa namtegea sikio kifuani kwa stetoskopu yangu ya chuo, ninayo bado, na nikisikia pumzi imekaa sawa pande zote mbili nafurahi kuliko siku ya mshahara. Na kama wewe unaingia wodini na kutoka na ukalala, baki, yakhe, watu wanakuhitaji. Wako wenzangu wawili waliofaulu PLAB zote mbili, wanaomba kazi hapa mwezi baada ya mwezi. Nafasi moja inapata maombi mengi mpaka tangazo linafungwa kabla ya siku yake. Nao wana mambo yao, siwezi kuwasemea. Mimi hulka yangu ya kurudia faili mara tatu imepata mahali inapolipiwa, na mgonjwa wangu keshakwenda kwao mzima. Mshahara si mkubwa. Baada ya makato kama pauni 1,900, na kodi ya nyumba inachukua karibu nusu. Msinitumie maombi ya simu.

Ila mtaani kwetu hamjanipokea barua ya kuacha. Barabara ya 9 yote inajua namba yangu. Picha za upele saa saba ya usiku. Picha za ulimi. Shoga mmoja kanitumia video ya dakika nne, mguu wa babu yake, na miziki nyuma. Nikisema nimeacha, leseni sina, wananiambia, kwani na akili umeiacha?

Hata sasa hivi, oneni, simu hii. Mama. Kapiga mara mbili tangu nianze kuongea. Katuma karatasi ya maabara ya jirani yetu, bibi mmoja mtu mzima sana, nayo imekunjika, kidole gumba cha mama kimefunika nusu ya namba. Nusu iliyobaki naiona. Nimemwandikia: "Mpelekeni hospitali, Bombo, leo hii hii, msingoje kesho."

Kajibu kwa sauti, ngoja... anasema, "Kwani wewe waona nini?"

Nimemwandikia tena: Bombo, mama, leo. Watoto wanatoka. Bei za vyakula nitawaonyesha Jumamosi.