Nilifuata soseji Frankfurt, nikakutana na uchachu

Asalaam alaikum, hamjambo jamani? Wakubwa wote shikamooni. Na mama yangu, najua unatazama kwa simu ya kaka, nimekuona jana usiku wa manane uko hewani, nenda kalale.

Leo sitembei, leo nimekaa. Hapa mezani kuna sahani, nimeifunika kwa sahani nyingine. Si kwa ajili ya nzi, nzi hapa siwaoni. Nimeifunika kwa sababu ya harufu. Kilichomo nitakula mwisho wa video, mbele yenu, kama nilivyoahidi wiki iliyopita. Kwa hiyo msikimbie.

Mnajua nilivyokuja Frankfurt kwa hii kozi ya Kijerumani ya kiangazi, kila mtu aliniambia jambo moja: utakula soseji mpaka uchoke. Jina lenyewe la mji liko kwenye soseji. Basi nimefika, siku ya pili tu nauliza, kumbe ile Frankfurter yenyewe, ile asilia, ni ya nguruwe. Kwangu mimi habari ikaishia hapo. Ipo nyingine ya hapa hapa mjini, inaitwa Rindswurst, ya ng'ombe mtupu, lakini kuna suala la kuchinja, mnaelewa wenyewe. Kwa hiyo neno la kwanza la Kijerumani nililolijua kuliko salamu ni "Schwein", nguruwe. Nilikuwa nasoma vifurushi dukani kama msahihishaji wa mtihani.

Sasa ukishaiondoa nyama ndiyo unauona mji wenyewe. Na mji huu, nawaambieni, ni mchachu. Sisi uchachu tunauweka pembeni ya sahani: achari, kipande cha ndimu, embe mbichi na pilipili ukiwa unapita njiani. Hawa uchachu ndio mlo.

Chukueni mkate. Jioni watu wengi hapa hawapiki. Wanakula mkate, jibini, tango la siki, wamemaliza. Wanaita Abendbrot, yaani mkate wa jioni, hawajaficha kitu. Wiki ya kwanza mama akinipigia:

"Umekula nini usiku?"

"Mkate."

"Mkate na nini?"

"Na mkate mwingine, mama."

Na si mkate wetu ule mweupe wa kubonyea. Ni mweusi, mzito, ukimpiga nao mtu kesi. Unatengenezwa kwa nafaka inaitwa Roggen. Kijana mmoja wa darasani, amewahi kufanya kazi ya kuoka, akanieleza kwa nini lazima uwe mchachu. Unga wa Roggen hauvutiki kama wa ngano, halafu una vimeng'enya vinavyotafuna wanga mkate ukiwa bado unapata moto. Usipouchachusha kwanza, ndani unatoka uji. Ule uchachu ndio unaovizuia. Kwa hiyo si mapenzi tu, ni lazima. Mimi mwanzoni niliukunja uso, sasa hivi ule mweupe naona kama nakula pamba.

Haya, kinywaji. Mwalimu alitutoa darasa zima jioni moja, tukavuka mto Main upande wa Sachsenhausen, ambako kuna nyumba za zamani za kuuza Apfelwein. Ni pombe ya matufaha, epo hizi hizi. Wenyeji wakiitaja kwa lafudhi yao inakuwa Ebbelwoi. Zamani walikuwa wanalima zabibu kwenye vilima vya huku, kilimo kile kikafifia, wakageukia matufaha, na mpaka leo ndiyo fahari yao. Ukiona shada la majani ya msonobari limetundikwa nje ya mlango, maana yake hapo wanaiuza.

Mimi si mnywaji, mnanijua. Lakini nilikaa, kwa sababu pale kukaa kwenyewe ni somo. Meza ni ndefu, viti ni mabenchi, hakuna cha meza yangu wala meza yako. Unasukumwa kidogo, babu usiyemjua anakaa ubavuni, mnaendelea. Kinywaji kinaletwa kwenye mtungi wa kijivu wenye michoro ya buluu, unaitwa Bembel, na glasi zake zina vijichongo vya almasi pembeni. Wanasema ni ili isiteleze mkononi mtu akiwa ameshika chakula chenye mafuta. Mara anapita mtu na kikapu cha Brezel, ile mikate iliyosokotwa kama fundo la kamba, anawazungukia mezani.

Mwenzangu Mbrazili akapiga funda la kwanza. Jamani, uso ule! Kama mtoto aliyelambishwa ukwaju mbichi. Yule babu akacheka mpaka akakohoa, akatuambia ya kwanza haina ladha, ya pili unaizoea, ya tatu ndiyo unaipenda. Halafu wa Mexico akaagiza yake ichanganywe na soda ya limau. Mhudumu hakusema kitu, alimtazama tu. Kuichanganya na maji ya gesi ni sawa kabisa, ina jina lake, Sauergespritzter. Ila ya soda tamu wazee wanakuona umewaharibia.

Mimi nikaagiza Apfelschorle, juisi ya matufaha na maji ya gesi, nikaletewa glasi kubwa ya baridi. Kwa kiangazi hiki, na vyumba vyetu visivyo na feni, sijaona kinywaji kinachoizidi. Na yenyewe ina kauchachu kake.

Hapo kwenye gesi nisimame kidogo. Ukikaa mgahawani hapa ukasema tu "naomba maji", kuna uwezekano mkubwa unaletewa ya gesi, na yanalipiwa. Siku ya kwanza nilikunywa kama dawa. Sema "still", au "Leitungswasser" ukitaka ya bomba, ingawa si kila mhudumu anafurahi kusikia hilo. Ya bomba ni salama, hapa ninapokaa nakunywa hayo hayo. Na chupa tupu ya plastiki usitupe! Mara nyingi ina senti 25 zako ulizolipa pamoja na kinywaji. Unairudisha kwenye mashine dukani, inameza, inakupa karatasi, unakatiwa kwenye malipo. Sisi wa kreti za soda hili hatushangai, kilichonishangaza ni mashine tu.

Sasa kuna jambo langu la aibu, na nimeapa nitalisema.

Kuna chakula hapa kinaitwa Grüne Soße, mchuzi wa kijani. Majani saba, lazima yawe saba: Petersilie, Schnittlauch, Kresse, Kerbel, Borretsch, Sauerampfer, Pimpinelle. Nimeyakariri kama dua. Tangu 2016 jina la Frankfurter Grüne Soße limelindwa kwa sheria za Umoja wa Ulaya, majani yakilimwa kwingine hayaruhusiwi kuitwa ya Frankfurt. Kuna mtaa unaitwa Oberrad ndiko yanakolimwa sana, na wamejenga hadi mnara wa kumbukumbu wa mchuzi. Ndiyo, mchuzi una mnara! Vibanda saba vidogo kama vya kukuzia mimea, kila kimoja na kijani chake, kwa kila jani kimoja. Watu watakwambia pia alikuwa akiupenda Goethe, mshairi wao mkubwa aliyezaliwa hapa 1749. Mimi naona kila mji unamlisha mtu wake maarufu baada ya kufa.

Basi nikaenda Kleinmarkthalle, soko la ndani katikati ya mji, nikakuta majani yamefungwa kwenye karatasi nyeupe, majina yote saba yameandikwa juu. Nikafurahi. Mboga! Miezi miwili sijala mboga ya majani. Nikarudi, nikakaanga kitunguu, nikatia nyanya, nikayamwaga yale majani yote saba sufuriani, nikafunika. Nimeyapika kama mchicha.

Bibi mwenye nyumba, mimi namwita Bibi hivyo hivyo kwa Kiswahili na ameshazoea, akaingia jikoni kufuata kikombe. Akaona karatasi. Akaona sufuria. Akafunua. Akafunika tena taratibu, kama mtu anayemfunika maiti. Akatoka.

Kesho yake asubuhi nakuta karatasi nyingine ya majani mezani, ubao na kisu. Hakuna kupika, akaniambia. Haya hayajui moto. Yanakatwa kwa mkono, madogo kabisa. Nikauliza kuhusu mashine ya kusagia iliyoko pale kabatini, akasema hiyo ni ya watu wavivu, ingawa anakiri dada yake anaitumia na hawaelewani. Ukiyakata unayajua moja moja: Borretsch lina vinyweleo na linanukia tango, Sauerampfer ukilitafuna, mate yote yanatoka, ndilo lenye uchachu. Unachanganya na maziwa mgando mazito na krimu chachu, haradali kidogo, chumvi, mayai ya kuchemsha yaliyokatwakatwa. Unakula baridi, na viazi vya moto vya kuchemsha, na mayai mengine juu. Nilikula sahani mbili. Ule mchicha wangu nao nilikuwa nimeumaliza usiku, siwezi kutupa chakula, ulikuwa mchungu balaa.

Haya, tufunue.

Mnaiona? Inang'aa kidogo, rangi kama nta. Hii inaitwa Handkäse, jibini la mkono, kwa sababu zamani walilifinyanga kwa viganja. Na hili nililichunguza kabla sijaligusa. Jibini nyingine huku zinagandishwa kwa kitu kinachotoka tumboni mwa ndama, ndipo unapoanza kujiuliza. Hili ni la maziwa yaliyoganda kwa uchachu wake tu, kama mtindi. Limekaa kwenye siki, mafuta, vitunguu vibichi na mbegu za kisibiti. Sehemu nyingine wanatia na Apfelwein kwenye ule mchuzi, kwa hiyo ulizeni. Hili katengeneza Bibi, siki tupu, nilisimama pale pale.

Jina lake kamili ni Handkäse mit Musik. Jibini na muziki. Nilimuuliza Bibi muziki uko wapi, nikidhani kuna bendi. Akanionyesha vitunguu, halafu akanionyesha tumbo langu, akasema: "Unakuja baadaye."

Uma haitumiki. Kisu peke yake. Unakata, unaweka juu ya mkate wenye siagi, vitunguu juu, hivi. Harufu... mama, usiulize. Ni kama soksi za mwanamichezo mwenye maadili.

Bismillah.

Mmh.

Subirini. Hapana, subirini. Chumvi ipo, siki ipo, kisibiti inakuja nyuma... hili na chapati lingekwenda. Nasema kweli. Bibi! Bibi, ni tamu!

Anauliza kama nimekula na vitunguu vyote. Nimekula vyote. Basi ngojeni nizime kamera kabla muziki haujaanza.