Uangavu wa Uji wa Wanga: Upimwe Leo, Upimwe na Kesho

Ndugu zangu wa Tanga, asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Hapa hakuna wa kufundishwa muhogo. Bada tumekula tangu utotoni. Nimekuja na neno kwa wasindikaji wa Muheza na Handeni. Kiwanda cha peremende laini au cha mchuzi wa chupa hakitosheki na weupe wa wanga wenu wa muhogo. Kinataka kujua uji wake utapitisha mwanga kiasi gani, na utaendelea hivyo kwa muda gani ukiwa dukani.

Kipimo hakina mbwembwe. Changanya gramu 1 ya wanga mkavu na mililita 100 za maji yaliyokenekwa, weka chombo ndani ya maji yanayochemka kwa dakika 30 huku ukitikisa mara kwa mara, kisha poza. Spektrofotomita, yaani kifaa cha kupima mwanga unaopita, iwekwe kwenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 650, na maji matupu yahesabiwe asilimia 100. Wanga hausharabu mwanga huo. Kinachoupunguza ni kutawanywa na mabaki ya chembe za wanga na minyororo ya molekuli zake iliyoshikana.

Kuna pia wanga uliorekebishwa kwa kemikali. Uliotiwa asetili huwa angavu zaidi, maana vikundi hivyo vidogo vya kemikali vinaizuia minyororo isikaribiane, na maji yanapenya. Ule ambao minyororo yake imefungwa pamoja kwa fosfeti ni kinyume chake: chembe zinakataa kuvimba, uji unabaki na ukungu. Asiuite mtu mbovu! Huo ndio unaostahimili ukali wa ndimu na moto wa muda mrefu.

Mwenye hadubini aongeze vichujio viwili vya kupolarisha mwanga. Kila chembe mbichi ya muhogo inang'aa, na katikati ina msalaba mweusi. Pasha taratibu: kati ya nyuzi 60 na 70 hivi misalaba inapotea, chembe moja baada ya nyingine. Ukitia haidroksipropili, aina nyingine ya marekebisho, inapotea kwenye joto la chini zaidi. Napenda sana kuitazama hatua hiyo, kwani mpangilio wa ndani unavunjika ukiuona. Lakini angalieni, marekebisho madogo hayaondoi msalaba, kwa hiyo hauwezi kuwaambia kama wanga umerekebishwa au la.

Kosa ninalolikuta sana ni kusoma mara moja na kufunga daftari. Uji wa wanga wa kawaida ukikaa kwenye friji kwa nyuzi 4, amilosi, yaani minyororo iliyonyooka ya wanga, inajipanga upya na ukungu unaongezeka. Wenye asetili unachelewa kufika huko, na faida ya marekebisho iko hapo hasa. Basi someni siku ya kwanza, ya pili, hadi ya tano, na kando ya kila namba andikeni joto la hifadhi na saa zilizopita tangu kupozwa.

Karibuni kwa maswali.