Ada ya TEHAMA na Bando la Mfukoni

Mheshimiwa Mwenyekiti, viongozi wa serikali ya wanafunzi, wahadhiri wenzangu. Wanaonijua wameshabashiri nitasema nini, na sitawaangusha: ni ile ada ya TEHAMA, ya kompyuta na intaneti, tunayowatoza wanafunzi.

Nianze na ngazi. Katika chuo nilichofundisha miaka mingi palikuwa na bweni ambalo intaneti ilishika mahali pamoja tu: ghorofa ya pili, ngazi ya tatu, upande wa ukutani. Ngazi ya nne haishiki! Ukipita usiku unawakuta wamebanana, kompyuta mapajani, mmoja kainua simu juu utadhani anaangalia kama mwezi umeandama. Usiku mmoja nikamkuta binti wa mwaka wa tatu anatuma kazi yangu mimi, mwisho saa sita usiku. Kiduara kinazunguka, kinazunguka. Saa sita kasoro dakika nne akakata tamaa, akajiunga bando la shilingi elfu moja, kazi ikaenda. Nikamuuliza, mwanangu, ada ya TEHAMA umelipa? Akanifungulia risiti kwenye simu. Imeandikwa "michango mingineyo", jumla moja. TEHAMA imo humo humo, na kitambulisho, na mitihani, na sijui nini tena.

Elfu moja si kitu, eti? Fedha ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni shilingi 10,000 kwa siku, baada ya kupandishwa mwaka 2022 kutoka 8,500. Yule binti alikata sehemu ya kumi ya siku yake ili mimi nipate kazi ya kusahihisha. Na hiyo "michango mingineyo" haimo kwenye mkopo. Anayeitafuta ni mzazi. Kwa hiyo intaneti hiyo moja imelipiwa na mama yake huko nyumbani, kisha ikalipiwa tena pale ngazini.

Naona mhasibu mmoja kule nyuma ameshakunja uso: ruzuku haitoshi, tufanyeje? Ndugu yangu, sijasema ada ifutwe. Tozeni! Ila mnikumbushe ilianzaje. Tulikuwa tunategemea setilaiti, intaneti ghali kama dhahabu, ada ikawa na maana. Julai 2009 mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ukawashwa, Dar es Salaam tukaunganishwa. Mwaka uliofuata ukaja mkongo mwingine, EASSy. Bei ya jumla ikaporomoka. Ada yetu je, kuna kikao kilichokaa kuitazama upya? Mimi nilikuwa mjumbe, sikukiona.

Siku hizi kuna TERNET, mtandao wa elimu na utafiti wa Tanzania, vyuo vinaunganishwa kwa pamoja. Intaneti nzuri tu inafika chumba cha mitambo, halafu inafia njiani kwa sababu swichi ya bwenini, kile kifaa cha kugawa mtandao, imeungua na hakuna fungu la kununua nyingine. Kompyuta mpya zina mgeni rasmi na utepe. Betri ya UPS, ile inayoshikilia mitambo umeme ukikatika, nani atakuja kuizindua?

Ninachodai ni kimoja: ada hii iwe na mstari wake kwenye risiti, na fungu lake kwenye vitabu, na matumizi yabandikwe pale kafeteria, karibu na bei ya wali maharage, ambako kila mtu anasoma. Wanafunzi wawili wakae kwenye kamati ya kuisimamia, na wawe na kura.

Nilikuwa na la leseni za programu, na la wenzetu wasioona, hilo hasa nilitaka... haya, Mwenyekiti ananionyesha kikaratasi. Basi maswali. Mhasibu aanze yeye, ila aje na daftari.