Mkono wa Sonara katika Uchoraji wa Jay DeFeo

Mabibi na mabwana,

Tumezoea kumwita sonara fundi na mchoraji msanii, kana kwamba mikono yao haijuani. Jay DeFeo, mchoraji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1929 na kufariki mwaka 1989, ananifanya niutilie shaka utengano huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa amekwisha kupata shahada ya uzamili huko Berkeley, alijitafutia riziki kwa kutengeneza na kuuza mapambo ya nyaya na shanga. Wahakiki hulitaja jambo hili kwa sentensi moja na kulipita. Mimi naomba tukae nalo kidogo.

Mwaka 1958 alianza kazi ambayo hatimaye aliiita *The Rose*, yaani Waridi, na hakuiacha hadi mwaka 1966. Usitafute ua humo. Kipo kitovu kimoja tu, na kutoka hapo mistari inasambaa kama miali, katika weupe na kijivu. Alipaka rangi ya mafuta, akaikwangua kwa kisu, akapaka tena, akachonga, akaongeza vipande vya mbao pamoja na ulanga unaometameta, hata turubai ile yenye kimo cha zaidi ya mita tatu ikawa na unene wa takribani sentimita 28. Huo, kwa macho yangu, ni uvumilivu wa mtu aliyezoea kuinamia kitu kidogo, akikigeuzageuza mpaka mwanga ukubali kukaa. Na mchoro wake mwingine wa mwaka 1959, wenye miali kama hiyo, aliupa jina *The Jewel*, yaani Kito.

Mwaka 1965 alipolazimika kuhama nyumba yake ya Fillmore Street, San Francisco, *The Rose* ilikuwa na uzito wa karibu tani moja, na haikupita mlangoni. Ilibidi ukuta ulio chini ya dirisha ukatwe ndipo iteremshwe. Baadaye ilitundikwa katika chuo cha sanaa mjini humo, ikaishia kufichwa nyuma ya ukuta, na DeFeo alifariki ikiwa bado humo. Jumba la makumbusho la Whitney lilipoifukua mwaka 1995, wataalamu waliiundia kiunzi cha chuma cha kuishika kwa nyuma, kama sonara anavyokitengenezea kito kishikizo chake.